Vilima vya Cotswolds kwa baiskeli ya gia 8: hesabu mabonde kabla ya kilomita

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Reading, Uingereza. Tuna baiskeli za mjini, sproketi ya mbele ni moja ya meno 42, nyuma gia 8, na kubwa kuliko zote ina meno 32. Msimu uliopita tulikwenda Cotswolds kutembea siku moja. Tulianzia Broadway kwenda Snowshill, tukaishia kusukuma, na mume wangu goti lilimuuma siku tatu. Tunataka kurudi, ila kwa starehe: tupige picha, tule, tusishindane na mtu. Inawezekana bila kununua baiskeli za umeme? Na tupite wapi?"

Jibu: Inawezekana, dada, na miguu yenu haina kosa. Mlianzia mahali pabaya, na gia zenu ni nzito kwa nchi ile. Nianze na mahali.

Cotswolds ni kama meza iliyowekewa tofali chini ya miguu ya upande mmoja. Upande ulioinuka ni wa magharibi. Huko kuna Cleeve Hill, yenye mita 330, ambayo ndiyo kilele cha eneo lote, na kuna Broadway Hill yenye mita 312. Ukingo huo unashuka ghafla kwenye mabonde ya Severn na Evesham. Ukielekea mashariki na kusini-mashariki, nchi inainama taratibu hadi mto Thames, na ndiko mito ya Evenlode, Windrush na Coln inakotiririkia. Broadway iko chini kabisa ya ukingo ule mkali. Anayeanzia pale kwenda Snowshill anaparamia ukuta asubuhi, misuli ikiwa bado baridi. Hata wazoefu hawaipendi njia ile kwa kuanzia siku.

Kutokana na umbo hilo, barabara inayofuata mto ni nyepesi, na inayotoka bonde moja kwenda jingine ni nzito. Ukitaka kujua siku itakuwaje, hesabu mabonde unayovuka kabla ya kuhesabu kilomita. Kilomita 60 kando ya Evenlode zinaweza kukuchosha kidogo kuliko kilomita 30 za kukatisha migongo mitano ya vilima.

Kipimo cha pili ni jumla ya mita za kupanda ikigawanywa kwa kilomita. Programu za kupanga njia kwenye simu zinaitoa jumla hiyo zenyewe. Chini ya mita 8 kwa kilomita ni nchi tulivu. Mita 10 hadi 12 ni vilima vya kawaida, siku ya starehe bado ipo. Ikifika 15, jipange. Ikifika 20 mko kwenye nchi ya vilima vikali kama Exmoor au Yorkshire Dales, na hiyo si safari ya kupiga picha. Lakini wastani huficha mambo. Kilomita moja yenye wastani wa asilimia 6 inaweza kuwa na mita 200 za asilimia 14 katikati yake, na hapo ndipo watu hushuka. Kwa hiyo tazama pia ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza. Kwenye ile ya 1:50,000, mistari ya mwinuko imeachana mita 10. Ikibanana, kuna kazi. Alama ya mshale mmoja juu ya barabara ina maana ya mwinuko wa asilimia 14 hadi 20, na mishale miwili ni zaidi ya 20. Mshale huelekea upande wa kushuka, wengi huusoma kinyume. Barabara za manjano ndizo zenu. Nyekundu ni barabara kuu, zile ambazo namba yake huanza na A, ziachieni magari. Karatasi inayofunika eneo lenu kwa ukubwa wa 1:25,000 ni OL45.

Hizo programu zina ugonjwa mwingine: zinapenda kukupitisha kwenye njia za farasi. Kisheria baiskeli zimeruhusiwa humo tangu 1968, mradi uwapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi, lakini baada ya mvua udongo wa pale unajaa ndani ya madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Njia za waenda kwa miguu peke yao hazijaruhusiwa kabisa. Chagua mpangilio wa lami peke yake.

Sasa njia yenyewe. Pandeni treni ya Great Western inayotoka Paddington kupitia Reading na Oxford kwenda Worcester, mshuke Moreton-in-Marsh. Kutoka kwenu ni saa moja na ushei. Ukitoka kituoni unashika A44 kuelekea mashariki kwa muda mfupi tu, kisha unakata kulia barabara ya kijiji cha Evenlode. Kutoka hapo ni Adlestrop, halafu kipande kifupi cha A436 (pangeni mstari mmoja hapo, magari yanakimbia), Oddington, na Bledington. Hadi Bledington ni kama kilomita 17 na hamjapanda kitu cha maana, kwa sababu mmekuwa mkifuata bonde. Hii ndiyo sehemu ya kuamua. Kituo cha reli cha Kingham kiko karibu kabisa na Bledington, kwenye reli ileile, kwa hiyo mvua ikiharibu au goti likilalamika, mnapanda treni ya kurudi bila kuudhika. Safari nzuri ya siku moja huwa na mlango wa dharura kabla ya kilima kikubwa, si baada yake.

Kutoka Bledington mnapanda hadi Icomb, kisha mgongoni, mnavuka A424 na kushukia Wyck Rissington. Huo ni mwinuko wa takriban mita 100, wa kwanza kati ya miwili ya siku. Bourton-on-the-Water iko mbele kidogo, kwenye mto Windrush. Mji ule ni mzuri, ila Jumamosi mchana wa kiangazi umejaa mabasi ya watalii, na kupita na baiskeli katikati ya watu wenye aiskrimu ni adhabu. Pigeni picha za madaraja, msonge mbele. Mkivuka A429, vukeni kwa miguu. Barabara hiyo ni njia ya kale ya Warumi, imenyooka, na madereva wanaitendea hivyo. Upande wa pili ni Lower Slaughter, ambako kuna kila kitu ambacho watu hufuata Bourton bila msongamano ule, kisha Upper Slaughter. Huko Upper Slaughter barabara inapita ndani ya maji ya kijito cha Eye. Picha nzuri, lakini zege la chini lina ukungu wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Tumieni daraja dogo la pembeni.

Kutoka hapo kwenda Lower Swell kuna vimwinuko vidogo vya kupanda na kushuka, halafu unakuja mwinuko wa pili: Lower Swell hadi Stow-on-the-Wold. Stow uko karibu mita 240 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko wenyewe hauzidi kilomita 2. Mkifika juu, karibu kila kitu kilichobaki ni mteremko au tambarare: Broadwell, Evenlode, Moreton. Jumla ni kama kilomita 45, na mita za kupanda kati ya 400 na 500.

Kwa muda, hesabu ya kutegemea ni hii: kilomita 15 kwa saa wakati magurudumu yanazunguka, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, kisha ongeza mapumziko bila kujidanganya. Yaani saa 3, dakika 45 za vilima, na saa 2 za kula, kupiga picha na kufungua malango. Mkianza saa tatu na nusu asubuhi, mmerudi kituoni saa tisa na robo alasiri. Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, hamna presha yoyote. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na njia ile inabidi ikatwe nusu.

Tuje kwenye gia, maana hapo ndipo goti la shemeji lilipoumia. Tairi lenu, likiwa la ukubwa wa kawaida wa 700 na upana wa milimita 32, hutembea mita 2.15 hivi kwa mzunguko mmoja. Meno 42 mbele na 32 nyuma ina maana kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 2.8. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 10 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 85 wanahitaji kama wati 250 kwa mwendo huo. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, hutoa wati 100 hadi 150 kwa muda mrefu bila kuhema. Kinachofuata unakijua: anapunguza mzunguko hadi 35, kila kanyago linakuwa zito, na mzigo wote unaishia mbele ya goti. Maumivu ya mbele ya goti baada ya vilima mara nyingi ni gia nzito, siti iliyo chini mno, au vyote viwili. Siti ipimwe hivi: kaa, weka kisigino juu ya kanyagio likiwa chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Ukihamishia nyayo mahali pake, goti litakunjika kidogo tu.

Badilisha sproketi ya mbele iwe ya meno 32 na kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, iwe ya meno 11 hadi 34. Sasa mzunguko mmoja ni mita 2. Kwa mizunguko 50 kwa dakika unakwenda kilomita 6 kwa saa na kutumia wati 150 hivi kwenye mwinuko uleule. Mtu yuleyule, mguu uleule, kilima kilekile. Mnachopoteza ni kasi ya juu: meno 32 kwa 11, mizunguko 80, ni kilomita 30 kwa saa. Kwa safari ya starehe nani anataka zaidi? Mteremko utakupa kasi bila kukanyaga.

Kabla ya kununua, angalieni mambo haya. Sproketi ya mbele ikiwa imebanwa kwa riveti, haibadiliki peke yake. Inabadilishwa krenki nzima. Ikiwa na boliti nne au tano, pima umbali kati ya boliti, kwa sababu krenki nyingine hazikubali sproketi ndogo kiasi hicho. Kihamisha gia cha nyuma nacho kina kikomo chake: vingi vya baiskeli za mjini huishia meno 32 au 34, na ukikilazimisha, kigurudumu chake cha juu kinasaga sproketi kubwa. Hakikisheni pia kwamba nyuma mna kaseti, si friwili ya zamani inayofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, maana zana zake ni tofauti. Kaseti huhitaji kishikio chenye mnyororo, kifunguo cha nati yake, na spana. Nati hukazwa kwa nguvu ya newton-mita 40 (Nm), ambayo ni kubwa kuliko mkono wa kawaida unavyodhani. Mnyororo nao upimwe upya: uzungushe kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kupita kwenye kihamisha gia, kisha ongeza pingili mbili.

Msifunge mnyororo wa zamani kwenye kaseti mpya. Wala msifunge mpya kwenye kaseti iliyolika: utaruka meno, na utaruka palepale unapokanyaga kwa nguvu zote kilimani, goti likigonga usukani. Kupima ni kazi ya rula. Jozi 12 za pingili za mnyororo mpya ni milimita 304.8 kati ya pini na pini. Kwa gia 8, zikifika 307 badilisha.

Namna ya kupanda: shusha gia kabla kilima hakijaanza. Mnyororo uliovutwa kwa nguvu hauhami vizuri. Unakwaruza, unakwama, au unaanguka. Ukichelewa, legeza mguu kwa nusu mzunguko huku unabonyeza gia, halafu endelea. Kaa kwenye siti. Mita 200 za kwanza ziende polepole kiasi cha kuweza kumaliza sentensi nzima ukizungumza na mwenzako. Asiyeweza ameanza kwa kasi. Ukishuka chini ya kilomita 5 kwa saa na usukani ukaanza kuyumba, teremka utembee. Kusukuma mita 150 kunapoteza dakika mbili, na hakuna anayehesabu. Kuanza tena katikati ya mwinuko, subiri barabara iwe tupu, elekeza baiskeli mshazari, kanyagio moja liwe juu mbele kidogo, breki ikiwa imeshikwa hadi mguu wa kwanza ubonyeze.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu kweli. Vibarabara vile vina upana wa gari moja, pande zote mbili kuna uzio wa miti mrefu kuliko kichwa chako, na kona hazionyeshi kilicho mbele. Kisheria nyingi ya njia hizo zina kikomo cha maili 60 kwa saa, kama kilomita 96, ingawa mwenye akili haendeshi hivyo. Shuka kwa kasi inayokuruhusu kusimama ndani ya umbali unaouona. Kama unaona mita 20, hiyo ni kasi ya polepole sana. Katikati ya barabara hubaki mstari wa kokoto, kuvu na samadi ambao magurudumu ya magari hayaugusi. Endesha kwenye alama ya tairi ya kushoto, usivuke mstari huo ukiwa umelala kwenye kona. Funga breki kwa vipindi kabla ya kona, uziachie ndani ya kona. Breki za kubana ringi zikilowa huchukua mzunguko mmoja au zaidi kabla ya kushika, kwa hiyo ziguse mapema zikauke. Vyuma vya kuzuia ng'ombe vilivyolazwa barabarani vivukwe kwa usukani ulionyooka, bila breki, bila kukanyaga.

Wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda wamezoea kuendesha kushoto, kama Uingereza. Wasomaji wa Goma, Kigali na Bujumbura wajihadhari hasa wanapoanza tena baada ya kusimama kwenye kibarabara kitupu, maana hapo mazoea ya kulia hurudi. Trekta likija, jibanze kwenye lango la shamba. Farasi mpe nafasi pana, nenda taratibu, usimpite upande wa kushoto, na mwite mpandaji kwa sauti ya kawaida kabla hujafika. Farasi akisikia mtu anatulia.

Matairi ya milimita 32 hadi 37 yenye kinga ya pancha yanatosha. Kwa mtu wa kilo 70 na ushei, jaza psi 55 mbele na 65 nyuma. Pancha za kule zina msimu. Kukata uzio wa miti kumezuiwa tangu tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga, kwa hiyo kuanzia Septemba matrekta yanakata na kumwaga miiba barabarani. Mwiba mmoja unaweza kupenya, ncha ikabaki ndani ya tairi na kutoboa tyubu mpya ndani ya dakika tano. Kabla ya kuweka tyubu nyingine, pitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, na uung'oe. Kila mtu na tyubu mbili, viraka, vibanio vitatu vya tairi, pampu, funguo za alen za milimita 4, 5 na 6, na kiungo cha haraka cha mnyororo kinacholingana na gia 8.

Chakula: jiko la baa za vijijini mara nyingi hufungwa saa nane au nane na nusu mchana, na baadhi hazipiki kabisa siku ya Jumatatu. Pigeni simu. Beba maji lita moja na nusu kila mtu, ndizi mbili, na kitu cha shayiri na asali. Kula kidogo kila saa, kabla njaa haijafika. Koti jepesi la upepo livaliwe juu ya kilima, kabla ya kushuka. Jasho likikutana na upepo wa mteremko hata Julai unatetemeka.

Baiskeli za umeme basi. Kwa njia hii hazihitajiki ukishabadilisha gia. Kama goti la shemeji halijapona, kodini moja kwa siku moja. Ya kisheria ina mota ya wati 250 na huacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Betri ya saa-wati 400 kwenye vilima huenda kilomita 40 hivi kama ni za msaada wa wastani, kwa hiyo kwenye kilomita 45 itumieni kilimani, muizime bondeni.

Treni: baiskeli haitozwi nauli, lakini hifadhini nafasi mapema, kwa sababu nafasi ni chache mno. Kwenye treni mpya baiskeli huning'inizwa wima kwa gurudumu la mbele ndani ya kabati jembamba, basi vueni mikoba ya keria mkiwa bado jukwaani. Na mkiona ratiba ya Jumapili imeandikwa basi badala ya treni kwa sababu ya matengenezo ya reli, ahirisheni. Mabasi hayo kwa kawaida hayabebi baiskeli.